Kanzu Nyeupe, Buibui Jeusi: Kujifunza Kamera kwa Kitabu Hapa Lamu

Kamera yangu ilinifikia kutoka Mombasa ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa, kifuniko kimebanwa kwa utepe wa gundi. Ilisafiri kwa basi mpaka Mokowe, kisha kwa boti mpaka gatini Lamu. Ndani mlikuwa na Canon EOS 1300D iliyotumika, lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, betri moja, chaja, na kitabu cha mwongozo kisicho na jalada. Khalati, dada ya mama, aliyenitumia alikuwa ameniambia kwa simu: "Mwanangu, harusi zetu za ndani zapigwa picha za simu kwa sababu mwanamume haingii. Hebu jifunze wewe." Nimeshapiga harusi nyingi tangu siku hiyo, na kila baada ya muda hunijia msichana mwenye kamera mkononi na kitabu ambacho hakijafunguliwa. Haya ndiyo ninayowaambia tukikaa barazani.

Kitabu kisome, ila usikisome kama hadithi. Mimi nilianza ukurasa wa kwanza nikaenda mbele, na nilipofika katikati sikukumbuka hata kitufe kimoja. Kitabu cha kamera hupangwa kwa vitufe na menyu, kwa hiyo ukikifuata kilivyo utajifunza kubadilisha lugha ya skrini na mlio wa fokasi, yaani ule ukali wa picha, siku nyingi kabla hujajua kwa nini picha yako imetoka nyeusi. Ukurasa wa kuanzia ni ule wenye mchoro wa kamera na majina ya sehemu zake. Weka kamera mapajani, kitabu kikiwa wazi pembeni, na kila jina ulisomalo uliguse kwa kidole. Baada ya hapo chagua jambo moja kwa siku moja. Siku ya tundu la lenzi, soma kurasa za tundu tu, kisha toka na kamera mpaka adhuhuri. Jioni andika kwenye daftari: mwanga ulikuwaje, uliweka nini, picha ilitokaje. Daftari langu lilinifunza kushinda kitabu, kwa sababu kitabu hakijui uchochoro wetu ulivyo saa tatu asubuhi.

Kama kitabu chako kimepotea, kampuni kubwa za kamera huweka mwongozo kamili kwenye tovuti zao, nawe waweza kuupakua bure kwenye simu. Mwongozo ni wa Kiingereza, na wengi wetu hukwama hapo. Tengeneza msamiati wako mwenyewe nyuma ya daftari. Mimi niliandika "tundu" kwa ule mwanya wa lenzi unaopanuka na kubana, "shata" kwa pazia linalofunguka na kufunga, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nikaiacha ISO. Maneno yakishakuwa yako, maelezo hayakutishi tena.

Kabla ya picha ya kwanza, tazama kulia kwa kitundu cha kuchungulia. Pana kigurudumu kidogo mno, ambacho wengi hukipita. Mimi navaa miwani, na wiki nzima niliamini kwamba nimeuziwa kamera mbovu kwa sababu kila kitu ndani ya kitundu kilikuwa na ukungu, ilhali picha zilitoka safi. Kigurudumu hicho hurekebisha kioo cha kuchungulia kifuatane na jicho lako. Kizungushe mpaka vile vidoto tisa vya fokasi vionekane vikali. Ukimwazima mtu kamera, kiangalie tena akirudisha.

Gurudumu la juu lina kituo cha kijani ambacho kamera huamua kila kitu. Kitumie siku moja au mbili uzoee kushika: mkono wa kushoto chini ya lenzi, viwiko vimebana mbavu, pumzi imetulia. Kisha ondoka hapo. Hamia Av, ambapo wewe huchagua tundu nayo kamera huchagua mwendo wa shata. Wanaomkimbiza mwanafunzi kwenye M, ambapo tundu na shata huchagua mwenyewe, siku ya kwanza humchosha bure. M ina wakati wake, nami nitaifikia.

Namba za tundu huwachanganya watu wote, kwa kuwa f/4 ni tundu kubwa na f/16 ni tundu dogo. Fikiria sukari dukani: nusu kilo ni nyingi kuliko robo, ingawa nne ni kubwa kuliko mbili. Namba ya tundu nayo ni mgawanyo wa namna hiyo, basi ile ya chini ikikua kilichobaki hupungua. Kutoka f/4 kwenda f/5.6, f/8 hadi f/11, kila hatua mwanga hupungua nusu. Shata nayo, inayohesabiwa kwa sehemu za sekunde, ni hivyo hivyo: 1/60, 1/125, 1/250. ISO ikitoka 100 kwenda 200 kwenda 400, kila hatua kamera huhitaji nusu tu ya mwanga iliyouhitaji mwanzo, lakini picha huanza kuota chembechembe. Kwa kamera hii mimi hutembea na ISO 100 juani, 400 vichochoroni, 1600 ndani ya nyumba, na 3200 usiku nikilazimika.

Zoezi la tundu nilifanyia nyumbani. Niliweka kofia ya viua ukingoni mwa baraza, na nyuma yake, hatua mbili hivi, dele la kahawa. Nikavuta lenzi mpaka 55, nikaelekeza fokasi kwenye kofia, nikapiga kwa f/5.6 kisha kwa f/16 bila kusogea. Picha ya kwanza dele limeyeyuka na kuwa doa la rangi ya shaba. Ya pili waona mpaka mdomo wake. Fanya hivyo mara moja tu na hutahitaji mtu kukueleza tena. Usishangae kwamba ukiwa 55 kamera inakataa f/3.5: lenzi hii hufungua f/3.5 ikiwa 18 tu, na kadiri unavyovuta tundu lake kubwa linapungua mpaka f/5.6.

Kwa shata, nenda ufukweni wanaposhusha mchanga na mawe ya kujengea, ukawapige punda. Weka Tv, ambapo wewe huchagua mwendo wa shata nayo kamera huchagua tundu. Kwa 1/500 miguu ya punda husimama hewani. Kwa 1/30, ukimfuata kwa kamera anavyopita, yeye hubaki na kuta za nyuma huwa mistari. Ya pili huhitaji kurudia mara ishirini na zaidi, nami bado huirudia kwa sababu naipenda. Na kama kitu hakitembei, mikono yako ndiyo inayotembea: ukiwa umevuta mpaka 55, usishuke chini ya 1/100 mpaka ujue mikono yako vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kitabu changu kililitengea nusu ukurasa, nalo hapa Lamu ndilo nusu ya kazi.

Ijumaa moja nilimwomba mzee jirani yetu wa mtaa wa Mkomani anikalie kwenye daka la nyumba yake kabla ya kwenda kuswali. Kanzu yake ilikuwa imetiwa buluu na kupigwa pasi, na ukuta nyuma yake ulikuwa wa chokaa mpya. Nikapiga, nikamwonyesha. Akaitazama skrini kwa muda, akasema kwa upole, "Mwanangu, mbona umenivika kanzu ya jivu?" Alikuwa na haki. Kanzu imetoka ya kijivu, ukuta wa kijivu, na uso wake umezama gizani. Siku hiyo hiyo jioni nilimpiga binamu yangu amevaa buibui, amesimama mbele ya mlango wa zamani wenye nakshi, mti wake umekuwa mweusi kwa umri. Buibui likatoka limepauka kama lililofuliwa mara mia, na uso wake ukawa mweupe kupita kiasi.

Kamera haikuharibika mara yoyote kati ya hizo mbili. Kipimo chake cha mwanga hakijui kanzu wala buibui. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na kimefunzwa kudhani kwamba mambo yote ya dunia yakichanganywa hutoka kijivu cha wastani. Ukikionyesha weupe mtupu, kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza. Ukikionyesha weusi mtupu, kinadhani mwanga haba, kinaongeza. Pengine katika mji wenye kuta za rangi nyingi mtu angepiga picha mwaka mzima asiligundue hili. Sisi tunaishi baina ya chokaa na mti mweusi wa mlango, baina ya kanzu na buibui, na kila tupigapo picha twakitega kipimo hicho.

Dawa yake ni kitufe kilichoandikwa Av chenye alama ya kujumlisha na kutoa, nyuma ya kamera upande wa kulia. Ukiwa kwenye Av, kibonyeze usikiachie, kisha zungusha gurudumu dogo lililo karibu na kitufe cha kupigia. Kijistari kwenye kipimo kitasogea. Kwa kanzu nyeupe kwenye ukuta mweupe, peleka upande wa kujumlisha hatua moja au moja na theluthi. Kwa buibui jeusi kwenye mlango mweusi, peleka upande wa kutoa hatua moja. Kinyume cha akili inavyotaka: cheupe unakiongezea, cheusi unakipunguzia. Andika hilo ndani ya kifuniko cha daftari. Na ukimaliza rudisha kijistari katikati, kwa kuwa kamera haikirudishi yenyewe.

Kisha hakikisha. Ukitazama picha, bonyeza DISP mpaka itokee ile yenye michoro ya vilima, histogramu. Vilima vikigonga ukuta wa kulia, weupe umeungua, na sehemu zilizoungua zitamemetameta kwenye picha ndogo. Kanzu iliyoungua hairudi tena, mikunjo yake yote imekwenda. Usiiamini skrini kwa mwangaza wake, kwa sababu juani kila picha huonekana nyeusi na ndani ya chumba kila picha huonekana nzuri.

Nilirudi kwa yule mzee Ijumaa iliyofuata. Nilijumlisha hatua moja, f/5.6, ISO 400. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake mpaka leo.

Sasa ile M. Fikiria siku bibi harusi anapoingia ukumbini na gauni jeupe, katikati ya wanawake ambao bado hawajavua mabuibui. Ukiwa kwenye Av, kila kamera inapogeuka kutoka kwa yule mweupe kwenda kwa wale weusi, kipimo kinabadili mawazo: picha moja nyeusi, moja nyeupe, moja katikati. Lakini mwanga wa chumba haukubadilika. Taa ni zile zile. Hapo ndipo M inapokuwa rahisi kuliko zote. Fika mapema, mwombe dada mmoja asimame pale bibi harusi atakapokaa, piga za majaribio mpaka uso wake utoke sawasawa, kisha usiguse kitu tena mpaka mwanga ubadilike. Kwa mchana karibu na dirisha mimi huanzia ISO 800, f/4, 1/125. Avae nyeupe, avae nyeusi, avae vitambaa vya kumetameta vinavyorudisha mwanga kama kioo, uso utatoka uleule. Kama hutaki M, kamera hii ina namna ya kupima sehemu ya katikati tu, kama asilimia 10 ya eneo unaloliona. Elekeza katikati hiyo usoni, bonyeza kitufe cha nyota kufunga kipimo, panga picha yako, piga. Ni nzuri kwa mtu mmoja aliyetulia. Kwenye vigelegele huna nafasi hiyo.

Fokasi usiiachie kamera ichague. Vidoto vipo tisa, nayo hupenda kilicho karibu zaidi, kwa hiyo itashika ua mkononi na kuacha macho. Chagua kidoto cha katikati peke yake, ambacho ndicho kikali kuliko vyote, kiweke juu ya jicho, bonyeza kitufe cha kupigia nusu, kisha sogeza kamera upange picha bila kuachia kidole. Aliyevaa ninja amekupa macho tu, na macho hayo lazima yawe makali hata kope uzihesabu. Mikono yenye hina na piko husogelewa: lenzi hii hukubali mpaka karibu robo mita. Tumia f/8 vidole vyote vipate kuonekana, na mwambie aegemeze kiganja kwenye mto ili asichoke.

Mwanga wenyewe tunao wa kutosha. Mji wetu unatazama mashariki, jua linatoka upande wa kisiwa cha Manda, basi asubuhi kuanzia saa kumi na mbili u nusu mpaka saa mbili ufukwe wote huwa umepakwa dhahabu. Tuko karibu sana na ikweta, na jua la saa sita husimama utosini: macho ya watu huwa mashimo chini ya kofia. Saa hizo ingia vichochoroni. Jua linapiga ukuta wa juu, ukuta unautupa mwanga kwa mwenzake, na chini panakuwa laini. Jihadhari na maturubai ya madukani tu. Chini ya turubai la buluu kila uso huwa kama wa mgonjwa, na kurekebisha rangi ya mwanga kwenye menyu husaidia kidogo, lakini kumsogeza mtu hatua tatu husaidia zaidi.

Ndani ya nyumba za zamani usifungue fleshi ile ya juu ya kamera. Hupiga uso mbele moja kwa moja, na kivuli cheusi hubandikwa ukutani nyuma yake. Mkalishe bibi harusi ubavu kwa dirisha, na kama nyumba ina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mgeuze kidogo upande mwingine uelekee ukuta ule. Plasta nyeupe ya zidaka hurudisha mwanga kwenye shavu lililo gizani. Mafundi wa zamani hawakuzijenga kwa ajili ya kamera, lakini sijaona kiakisi cha kununua kinachozishinda.

Chumvi na mchanga vimeua kamera nyingi hapa. Usibadilishe lenzi ndani ya boti, wala kwenye vilima vya mchanga vya Shela hata kama upepo umelala. Ukirudi kutoka baharini, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo ya chumvi na kukamuliwa sana, kisha kwa kikavu. Ihifadhi ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wengine huweka mchele. Mchele una vumbi. Kamera iliyofungiwa kabatini miezi ya mvua huota kuvu ndani ya lenzi, na fundi wa kuiondoa si rahisi kumpata karibu.

Limebaki la watu. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na wakazi wake wamepigwa picha na wapita njia bila kuulizwa kiasi cha kuchoka. Wewe si mpita njia. Toa salamu, kaa, uliza hali, ndipo uitaje kamera, na ukiambiwa hapana, funika lenzi na uendelee na mazungumzo yako usiondoke hapo hapo. Mwenye punda aulizwe pia.

Na picha za harusi za ndani ni amana. Mimi hutumia memori kadi moja kwa harusi moja tu, na kadi hiyo haiingii kwenye kompyuta ya dukani. Siku ya tatu humpelekea bibi harusi picha zake kwenye diski, yeye mwenyewe, mkononi. Anazifungua mbele yangu, na mama yake akitaka anakaa nasi. Akithibitisha zote zimo na amezinakili mahali pa pili, naitia kadi ndani ya kamera, nafungua menyu, nachagua ile amri ya kufomati, na yeye ndiye namwachia abonyeze SET.